Dada Aliyekufa Katika Sura ya Tatu

Jumanne, tarehe kumi na saba ya mwezi wa tisa, mwaka juzi, nilimpoteza mdogo wangu. Alifia nyumbani kwangu hapa Rungwa, katika chumba cha nyuma ambacho zamani tuliwekea mahindi, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeinama namvalisha soksi, kwa sababu miguu yake ilikuwa na baridi siku zote, hata jua likiwaka. Mguu mmoja ulikuwa tayari. Nilipouchukua wa pili nikaona umekuwa mzito kwa namna nyingine.

Zilikuwa figo. Alikuwa amerudi kutoka Ulaya mwaka mmoja na miezi saba kabla ya hapo, baada ya kukaa kule miaka tisa. Alikwenda kusoma ufundi wa mitambo ya ubaridi, kozi ya miaka miwili. Miaka saba iliyobaki alikuwa mpakizi katika ghala la samaki waliogandishwa. Hilo la ghala hatukulijua. Sisi tulijua ni fundi mkuu, na mimi nilikuwa nawaambia watu hivyo dukani na kanisani.

Aliacha koti moja la kazi, zito kama godoro, lenye jina la mtu mwingine limeshonwa kifuani. Aliacha miwani. Aliacha kaunta buku tatu zilizojaa mwandiko wake mdogo.

Zile kaunta buku ziliandikwa mbele ya macho yangu. Kila asubuhi nilimpelekea uji nikamkuta ameshakaa dirishani. Nilipomuuliza anaandika nini alisema riwaya.

"Riwaya ya nini?"

"Ya mtu aliyekwenda Ulaya."

"Si useme tu ni wewe."

"Nikisema ni mimi, dada, nitaanza kudanganya."

Sikumwelewa, nikachukua bakuli la jana nikatoka. Hakunionyesha hata ukurasa mmoja. Aliniuliza swali moja tu katika kazi yote ile. Aliniuliza mzinga wa baba ulikuwa na alama gani.

Huku kwetu kila mrina asali ana alama yake. Anaichonga ubavuni mwa mzinga kabla hajautundika, ili mwingine akipita porini ajue una mwenyewe. Mzinga unaweza kukaa mtini misimu mitatu mwenyewe hajaufikia, na hakuna atakayeugusa. Baba alikufa mdogo wangu akiwa na miaka sita na mimi kumi na mitatu, kwa hiyo mwenye kumbukumbu nilikuwa mimi. Wasichana hatukwenda kambini, kule porini wanakolala warina, lakini mizinga iliyoletwa nyumbani kutengenezwa niliiona kila siku imelala ukutani. Nilichukua mkaa nikamchorea sakafuni: mistari mitatu imesimama, mmoja umelala na kuikata kwa chini.

Akaitazama muda mrefu.

"Una uhakika?"

"Wewe ulikuwa unajua nini wakati huo zaidi ya kulamba nta?"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaigeuza kaunta buku na kuichora pembeni, taratibu.

Baada ya mazishi nilizifunga zile kaunta buku kwenye sanduku pamoja na vitenge vya mama. Zilikaa miezi mitano. Aliyezitoa ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari yetu, kijana aliyetokea Kinyangiri kule Mkalama. Alikuwa akija kila Jumamosi kuzungumza na mdogo wangu. Nadhani hapa kijijini hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye mambo ya vitabu. Alikwisha kuzisoma marehemu akiwa hai. Alisema anataka zichapwe Itigi, zitolewe nakala kiasi, zikae kwenye maktaba ya shule.

"Lakini wewe ndiye mwenyewe sasa, mama," akasema. "Usome kwanza, ukubali."

Nikaanza kusoma mchana, vyombo vikishaoshwa, ukurasa mmoja au miwili. Niliishia darasa la saba, na mwandiko wake ulikuwa wa kubanana. Hata hivyo hadithi haikuwa ngumu. Mtu anakwenda nchi ya baridi. Shule inamshinda, anaingia kazini kwa makaratasi ya mwingine, anapewa koti la mtu aliyeacha kazi. Msimamizi anamwita kwa jina lililo kifuani, naye anaitika. Siku ya kwanza anaitika kwa aibu, baada ya mwaka anaitika hata akiitwa usingizini. Kitu pekee alichobaki nacho ni alama ya mzinga wa baba yake. Anaikwaruza ndani ya mlango wa kabati lake la nguo, anaikwaruza kwenye masanduku ya samaki, anaichora kwa kidole kwenye vioo vyenye mvuke. Kila inapotajwa, mdogo wangu hakuieleza kwa maneno. Aliichora.

Nilifurahi kuiona. Nilisema moyoni, hii nimeitoa mimi.

Kisha nikafika sura ya tatu. Inaanza hivi: "Dada yake alizikwa mwezi wa nne, mtama ukichanua, naye siku hiyo alikuwa anapanga samaki."

Nilirudia kusoma nikidhani nimeruka mahali. Sikuwa nimeruka. Huyo dada alikuwa na kovu la kuungua mkono wa kulia, kama langu. Alikata mboga kwa mkono wa kushoto, kama mimi. Akiwa na hasira alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, na hiyo nayo ni kweli. Alinipanga vizuri kabisa, kila kitu mahali pake, kisha akanizika. Na wakati anafanya hivyo mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikimtwangia karanga za mlenda, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichokuwa kinakaa tumboni mwake.

Sikulia. Nilitoka nikafagia uwanja.

Mwalimu alipokuja Jumamosi nilikuwa nimemsubiri.

"Mwalimu, huyu dada ni mimi."

"Siyo wewe, mama. Ni mhusika."

"Ana kovu langu."

"Mwandishi huokota vitu vya jirani. Huyu dada ni ishara. Anasimama badala ya nyumbani. Yule mhamiaji akikata tamaa na kule alikokwenda anageuka nyuma, na akigeuka anakuta na nyumbani hakupo tena. Kwa hiyo lazima dada afe."

"Kwa nini asife mbuzi?"

Akacheka. Alikuwa amekuja na daftari lenye maelezo yake na alitaka sana kunifundisha, sikatai kwamba alikuwa na nia njema. Akaniambia koti ni ishara ya utambulisho ulioporwa.

"Koti ni koti," nikamwambia. "Lile pale kwenye kamba. Limemaliza kipande kizima cha sabuni."

"Lakini jina lile, mama. Mtu kuitwa kwa jina la koti!"

Hapo nilikumbuka kwamba mdogo wangu alipofika stendi siku ile aliyorudi nilimwita kwa jina lake mara mbili na hakugeuka. Nilidhani ni kelele za basi.

Mwalimu akaendelea. Alikuwa amewasomea kidato cha nne baadhi ya sura, alizozinakili mdogo wangu akiwa hai, na wakaandika insha. Akanipa mbili nizione. Binti mmoja ameandika kwamba dada ni ardhi ya Afrika. Mwingine ameandika kwamba dada ni dhamiri ya mhamiaji. Nilizirudisha. Mimi ni mtu wa kuchota maji, sijawahi kuitwa ardhi.

"Mfufue," nikamwambia. "Mfufue, kisha mchape."

"Siwezi kubadilisha maneno ya marehemu."

"Basi yatakaa sandukuni na marehemu wengine."

Aliondoka bila kumaliza chai. Alirudi Jumamosi mbili zilizofuata akanikuta na jibu lilelile. Alisema kitabu kile ndicho kitu pekee mdogo wangu alichokifanya kikafika mwisho, na mimi nimekikalia. Neno hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Hata hivyo nilikataa. Kitabu kinakaa miaka mingi kuliko watu. Watoto wa shule wangesoma na kujua kwamba mtu yule alikuwa na dada akafa, na nikipita barabarani na ndoo yangu ningekuwa sijui nani.

Kilichonitesa hasa hakikuwa watoto wa shule. Nilitaka kujua jambo moja: alipokuwa anaandika kifo changu, nami nikaingia na uji, alinionaje? Nilijaribu kukumbuka asubuhi zile moja moja na zote zimefanana. Ninayo moja tu iliyo tofauti. Niliingia akafunika ukurasa kwa kiganja, akaniangalia kama mtu anayetazama mgeni aliyetoka mbali.

"Dada, kaa kidogo," akasema.

"Nina sufuria motoni."

Nikaondoka. Hakurudia kuniambia nikae, na mimi sikurudi kuuliza. Leo ningeacha sufuria iungue na nyumba juu yake.

Niliendelea kusoma kwa ubishi tu, ili nikimkatalia mwalimu niwe nimesoma chote. Nilifika sura ya tano. Mle, yule mhamiaji hajaambiwa kwamba dada yake amekufa. Nyumbani wamekubaliana kumficha. Anapiga simu, mama yake anapokea, anaomba aongee na dada. Mama anamwambia amelala. Wiki nyingine anamwambia amekwenda kanisani. Mara ya mwisho anamwambia yuko shambani.

"Shambani mwezi wa nane?" anauliza mhamiaji.

Niliifunga kaunta buku nikaiweka chini.

Mama yetu alifariki mdogo wangu akiwa mwaka wa nne Ulaya. Ulikuwa mwezi wa nne na mtama ulikuwa unachanua. Ndugu walikaa wakasema asiambiwe. Akiambiwa ataacha kazi, atarudi, na akirudi hatapata tena ruhusa ya kuingia kule. Ndivyo tunavyofanya huku. Mtu akiwa mbali tunamfichia msiba mpaka atakapokaa sawa, tunaona ni huruma. Simu ilikuwa yangu, kwa hiyo mwenye kumfichia nilikuwa mimi. Kila alipopiga nilimjibu. Mama amelala. Mama amekwenda kanisani. Anakusalimu. Spika ya simu yangu imekufa, hutamsikia vizuri. Nilizoea. Mpaka siku ile ya mwezi wa nane akaniuliza tena mama yuko wapi, nami nikasema yuko shambani.

Akasema, "Shambani mwezi wa nane?"

Mwezi wa nane huku hakuna anayelima. Mazao yameshaingia ndani na ardhi ni ngumu kama kigae. Yeye amezaliwa hapa, anajua. Baadaye ndugu wa Manyoni akaniambia kwamba alikwisha kumtumia picha ya kaburi wiki moja kabla. Kwa hiyo siku ile alikuwa anajua mama amekufa. Alipiga ili anipe nafasi ya kusema. Nami nikampeleka mama shambani.

Alikata simu. Hakupiga tena kwa mwaka na miezi miwili. Alipoanza kupiga tena hakulitaja, na aliporudi hakulitaja. Siku ya pili tu baada ya kurudi alikwenda kaburini peke yake, akarudi akala. Mimi nilimshukuru Mungu kwamba limepita.

Halikupita. Liliandikwa kwenye kaunta buku kwa kalamu ya bluu. Ila amegeuza watu. Aliyekufa ni dada, anayedanganya ni mama.

Nilikwenda moja kwa moja mpaka sura ya mwisho. Mhamiaji amerudi, amekonda, hakuna anayemjua. Mama yake yuko mlangoni, hai, anapepeta mtama. Anamkaribisha kama mpita njia na kumpa maji. Yule mtu anakunywa, kisha anainama na kuchora alama mavumbini kwa kidole. Mama anaiangalia. Anaweka ungo chini. "Pita ndani," anasema. Kitabu kimeishia hapo.

Alimrudisha mama mlangoni. Na mwezi wa nne na mtama unaochanua na kaburi lote akanipa mimi. Labda ili mama aishi ilibidi mwingine amshikie kaburi. Labda ilikuwa adhabu. Labda alikuwa anaona ni bora kufiwa na mimi. Nimekaa na haya matatu mpaka leo na hakuna lililoyashinda mengine. Mwalimu ana neno lake la ishara, analiweka juu ya kila kitu kama kifuniko, naye analala vizuri. Mimi sina wa kumuuliza.

Bado sikuwa nimekubali kitabu kichapwe. Mwalimu, ambaye hachoki, akaniletea ombi dogo. Alisema hata kama itachukua mwaka mimi kukubali, anaomba tupate mzinga wenyewe wa baba, aone alama ilivyochongwa, aichore vizuri kwa ajili ya jalada. Nilijua mizinga ya baba iliungua na moto wa porini zamani. Hata hivyo yupo mzee mmoja mwisho wa kijiji aliyekuwa na baba kambini, nikaona nimuulize.

Nilimkuta uani anasuka kamba ya magome.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Nikamwambia ni binti wa mwenzake wa kambini.

"Yule aliyekimbia nyuki akaacha kaptula mtini?"

"Huyo alikuwa mdogo wangu."

"Basi nimechanganya. Vaa yako vizuri tu. Kaa."

Nilikaa kwenye kipande cha gogo alichonisogezea. Nikamweleza ninachotafuta, nikamchorea chini kwa kijiti: mitatu imesimama, mmoja umelala umeikata. Akasimamisha mikono.

"Hii ya nani?"

"Ya baba."

"Ya baba yupi?"

"Baba yangu."

"Hii si ya baba yako. Ya mjomba wako, kaka wa mama yako. Alivunjika mguu, baba yako akawa anamtengenezea mizinga pale kwenu mwaka mzima. Ndiyo uliyokuwa unaiona wewe. Ya kwake alikuwa anaitengenezea hukohuko porini, hakuna siku aliyoileta nyumbani."

"Na ya kwake ilikuwaje?"

"Simama. Umeikalia."

Nikasimama. Lile gogo lilikuwa kipande cha mzinga mkukuu, kimekatwa kikafanywa kigoda. Ubavuni, chini ya masizi ya moshi, palikuwa na mistari miwili inayokutana juu kama paa la nyumba. Nilipitisha kidole. Miaka yote ile sikuwahi kuiona.

"Mdogo wangu ameandika kitabu kizima na ile ya mjomba," nikamwambia mzee.

"Kitabu cha nyuki?"

"Cha Ulaya."

"Huko nako wanarina?"

Nikamweleza kwa kifupi, mpaka pale mhamiaji anapomchorea mama yake alama mavumbini na mama anamkaribisha ndani. Mzee akafikiri, akarudia kusuka.

"Mama yenu angemkaribisha," akasema. "Alama ya kaka yake ile. Angeijua kuliko ya mume."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, sijui na nani. Mdogo wangu aliniuliza maswali mawili maishani mwake ambayo alihitaji majibu. La kwanza nilimdanganya nikijua. La pili nilimdanganya bila kujua, tena nikamcheka. Naye aliyachukua yote mawili kama nilivyompa akayajengea kitabu. Hakwenda kumuuliza mzee, ambaye yuko umbali wa kutembea. Aliona akiniuliza mimi inatosha.

Jumamosi nilimweleza mwalimu habari ya alama. Macho yake yakawaka.

"Mama, hii ni kubwa kuliko nilivyofikiri. Mtu amebeba alama ya mwingine, ana koti la mwingine, ana jina la mwingine, kwa hiyo hata kile alichodhani ni chake…"

"Mwalimu, nyamaza kidogo."

Sikuwahi kusema naye hivyo. 

"Yeye hakujua. Aliyekosea ni mimi. Hiyo si ishara, ni kosa, na mwenye kosa nimekaa hapa."

"Lakini msomaji, mama…"

"Na lile shamba la mwezi wa nane. Uliwaambia watoto ni ishara ya nini?"

Akafungua daftari lake kidogo, akalifunga.

"Ya ahadi tupu za ughaibuni," akasema.

"Ni uongo wangu. Nilimwambia mimi, kwa simu hii hapa. Mama alikuwa kaburini miezi minne."

Nikamsimulia yote, kama nilivyoyaandika hapa. Alisikiliza ameshika kikombe bila kunywa. Nilipomaliza akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa niwaambieje wanafunzi?"

"Waambie utakavyo. Mimi nimekwambia lililotokea."

Nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikamletea kaunta buku zote tatu.

"Kazichape."

"Na dada?"

"Muache alivyo."

"Na alama? Tuweke ya baba?"

Hilo lilinikamata. Niliwaza lile paa la nyumba kwenye kigoda cha mzee, na jinsi ambavyo lingekuwa sahihi. Mdogo wangu angekuwa amebeba kilicho chake, walau kwenye karatasi. Nikamwambia nitafikiri. Akazifunga kaunta buku kwa mfuko wa nailoni kwa sababu mawingu yalikuwa yamejikusanya, akapanda pikipiki yake.

Ulipita mwezi na zaidi. Kisha mwalimu akanipigia kwamba kazi imekwama. Mwenye steshenari Itigi ameshachapa kurasa zote, ila ile alama haipo kwenye kompyuta. Ameacha nafasi kila inapotakiwa. Mwalimu yuko kwenye usahihishaji wa mitihani, hawezi kwenda. Akaniomba niende nikaichore kwa mkono kwenye nakala ya kwanza, ndipo zitolewe nyingine.

Nilipanda basi linalotoka Chunya, nikafika Itigi vumbi limenibadilisha rangi. Steshenari ni chumba kimoja chenye mashine mbili na kalenda ya mwaka uliopita. Aliyekuwemo ni binti mwenye kucha ndefu, anayechapa bila kuangalia vidole.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye wa riwaya?"

"Marahaba. Ndiye."

Akanitolea lundo la karatasi, bado zina joto la mashine au labda la chumba. Akaniwekea kiti na kalamu nyeusi.

"Nimeweka alama ya kalamu ya risasi kila penye nafasi, usipotee. Ziko kumi na mbili. Mama, mimi kazi yangu ni kuchapa tu, huwa sisomi. Mikataba, barua za vijiji, nachapa nikiwaza yangu. Ila hii imenishika. Alipokufa yule dada nililia, nikamkosea mteja barua yake."

"Pole."

"Aliyeandika ni nani yako?"

"Mdogo wangu."

Akaacha kuchapa.

"Una dada mwingine?"

"Sina. Tulikuwa wawili."

Aliniangalia usoni, kisha akashuka mpaka mkono wangu wa kulia uliokuwa juu ya karatasi, na kovu lake. Nikauacha palepale. Hakuuliza tena. Alinisogezea feni ikawa inaniangalia mimi.

Nikaanza. Nafasi ya kwanza iko sura ya kwanza, mlango wa kabati. Nilikuwa sijaamua. Nilijua kuchora paa la nyumba, nimelijaribu mara nyingi nyumbani kwa mkaa. Niliishika kalamu kwa mkono wa kushoto, nikachora mitatu imesimama, na mmoja umelala umeikata kwa chini. Nikaenda ya pili. Kwenye masanduku ya samaki ni tatu mfululizo. Kwenye kioo chenye mvuke nilichora nyembamba zaidi, kwa kuwa yeye pale aliifanya nyembamba. Ya kumi na mbili ni ile ya mavumbini, mbele ya mama, na pale mstari wa katikati haukunyooka.

Binti aliuliza kama nirudie hiyo ya mwisho, ana karatasi nyingine. Nikamwambia aiache. Akapuliza wino ukauke, akainua kifuniko cha mashine, akaweka ukurasa wa kwanza.